William Blake: Fundi wa Picha za Shaba Aliyeonyesha Ukatili wa Utumwa

Kabla ya kamera kuwepo, aliyetaka watu wa mbali waone ukatili alioushuhudia ilibidi amtafute fundi wa kuchonga picha. Leo tunawaletea maisha ya fundi mmoja wa aina hiyo, William Blake, ambaye wengi wanamjua kama mshairi.

Blake alizaliwa London, Uingereza, tarehe 28 Novemba 1757. Baba yake aliuza soksi. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi James Basire, akakaa kwake miaka 7.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: fundi alichimba mistari myembamba kwenye bamba la shaba kwa chuma chenye ncha kali. Alipaka wino, akafuta juu, na wino ukabaki ndani ya mistari. Kisha karatasi yenye unyevu iliwekwa juu ya bamba na kukandamizwa kwa mashine. Kama ulivyo muhuri wa ofisi ya kijiji, kila kitu kilichongwa kinyume ili kitokee sawasawa.

Mwaka 1782 alimuoa Catherine Boucher. Siku ya ndoa bibi harusi alitia alama ya X badala ya sahihi. Blake alimfundisha kusoma na kuandika, na baadaye mama huyo akawa msaidizi wake katika uchapaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1790, mchapishaji Joseph Johnson alimpa Blake kazi nzito. Mwanajeshi aitwaye John Gabriel Stedman alikuwa Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika Kusini, kuanzia 1773 hadi 1777. Alikwenda kupigana na Waafrika waliotoroka mashamba ya miwa na kahawa wakajificha msituni. Huko alichora aliyoyaona. Blake na mafundi wengine wakazichonga picha hizo upya kwenye shaba.

Kitabu kilitoka mwaka 1796, juzuu mbili zenye picha 80. Picha moja ya Blake inaonyesha mtu akiwa hai, ametundikwa kwa ndoano iliyopita ubavuni. Nyuma yake kuna mafuvu juu ya miti, na meli baharini. Nyingine inaonyesha wanawake watatu: Ulaya yuko katikati, ameshikiliwa na Afrika na Amerika.

Stedman mwenyewe hakupigania utumwa ukomeshwe. Lakini picha zilisema zaidi ya mwenye kitabu. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kifaransa, Kijerumani na Kiholanzi, na aliyezitazama picha zile hakuweza tena kusema hajui sukari yake inatoka wapi.

Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Blake alifariki akiwa maskini tarehe 12 Agosti 1827, miaka 6 kabla ya sheria ya kufuta utumwa katika makoloni ya Uingereza. Suriname ilisubiri hadi 1863.

Tusisahau kwamba waliotoroka msituni hawakungoja picha wala sheria. Walijikomboa wenyewe, na wazao wao wanaishi Suriname hadi leo.

Siku hizi picha za ukatili zinatufikia kwenye simu zetu, tunazitazama na kuzipitisha kwa wengine. Je, msikilizaji, ukishaiona, unafanya nini?