Salme, Kalamu na Mikono Iliyomkanda

Hapa Kikwajuni ukimwambia mtu unakwenda kusomea masaji, kwanza atacheka. Eti kukanda nako kuna skuli? Kila mtaa una bibi anayejua. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto mpaka atoke arobaini, bi harusi anasingwa na somo wake, mtoto akiteguka mguu anapelekwa kwa mzee wa kuvuta viungo. Hakuna kati yao aliyetundika cheti ukutani. Lakini chukua ujuzi huohuo uende nao hoteli ya Nungwi au Paje kuomba kazi, swali la kwanza ni cheti kiko wapi.

Suala hili mie linanipeleka kwa mtu ambaye hatumtaji kabisa tunapozungumza vyeti: Sayyida Salme binti Said. Wengi tunamjua kwa mapenzi, binti wa Sultani aliyetoroka na Mjerumani. Watembeza watalii wanaisimulia hadithi hiyo kila siku pale Forodhani. Mie naona maisha yake ni hadithi ya elimu, tena elimu isiyokuwa na ruhusa.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, nje kidogo ya mji. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Circassia, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo vitani. Kwa hiyo binti wa mfalme alikuwa pia mtoto wa mwanamke aliyenunuliwa, na hilo tusilisahau tukifika mbele.

Maisha ya Mtoni ameyaeleza mwenyewe katika kitabu alichokichapisha Ujerumani mwaka 1886, kwa Kijerumani. Humo ndimo ninamokutana na kukanda. Anaeleza kuwa asubuhi watu wa nyumba ya kifalme hawakuamshwa kwa kelele. Kijakazi alikuja akawakanda taratibu mpaka wakazinduka. Usiku vilevile, mmoja anakanda miguu na mikono, mwengine anapepea, mpaka bwana au bibi apitiwe na usingizi. Huduma hiyo leo mgeni anailipia kule ufukweni. Vijakazi wale walijua wapi pa kubonyeza na wapi pa kupita juu juu, kwa nguvu gani na kwa muda gani. Kazi kama hiyo mtu hazaliwi nayo, lazima mtu alimfunza mwenziwe. Walikuwa na mafunzo, basi, ila hayakuwa na jina, na mwenye mikono hakuwa na hiari ya kusema leo nimechoka.

Sasa njoo kwenye elimu ya Salme mwenyewe. Watoto wa kasri walisomeshwa Kurani. Wavulana walifundishwa na kuandika, wasichana waliishia kusoma tu. Mwanamke kuandika lilikuwa jambo la aibu. Salme akaamua kujifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ule mpana mweupe unaotumika kama ubao, akanakili herufi za msahafu moja baada ya moja. Hakuna aliyempa idhini wala kumpa mtihani. Napenda sana picha hii: binti wa Sultani, mwenye watumishi wa kila kitu, amejificha na mfupa na wino kama mwizi.

Ujuzi ule haukukaa bure. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Oman, na ufalme wa Zanzibar ukaenda kwa Majid. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua Jilfidan. Mwaka huohuo Barghash, ndugu yao mwengine, akafanya njama ya kumpindua Majid. Wenye njama walihitaji mtu wa kuandika barua za siri. Salme, umri wake miaka 15, akawa ndiye katibu. Njama ikashindwa kwa msaada wa Waingereza waliokuwa upande wa Majid, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki katikati ya jamaa waliogawanyika. Kalamu aliyoiiba ndiyo iliyomtia matatani. Tukiwaambia wadogo zetu kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, tuwaambie pia kwamba mlango mwengine ukiufungua unakuta moto.

Mapenzi nayaeleza kwa ufupi. Akiwa mjini alijuana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Akashika mimba. Mwaka 1866 akaondoka usiku kwa manowari ya Waingereza mpaka Aden. Huko ndiko alikojifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi sana, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo. Wakahamia Hamburg, wakapata watoto watatu. Mwaka 1870 mume akapata ajali ya tramu na kufariki.

Sehemu inayofuata ndiyo watu wanairuka, nami naona ndiyo yenyewe. Mjane wa miaka 25, kwenye baridi, na watoto watatu wadogo. Urithi wake Zanzibar umezuiwa kwa sababu ameacha dini na ameolewa na Mzungu. Mwanamke aliyekuwa akiamshwa kwa kukandwa sasa anahesabu kuni za jiko. Afanye kazi gani? Akaanza kufundisha Kiarabu. Hakuwa na shahada. Alikuwa na lugha aliyokua nayo na maandishi aliyojifunza kwenye mfupa wa ngamia. Baadaye akaandika kitabu, na kitabu kile kikamfikisha pasipofikiwa na mwanamke yeyote wa Zanzibar kabla yake.

Alirudi kwao mwaka 1885, pamoja na manowari za Wajerumani, na tena mwaka 1888, kudai haki yake. Barghash, yule aliyeandikiwa barua na dada yake usiku na mchana, mwaka 1885 alikuwa Sultani mkubwa, mjenzi wa Beit al Ajaib na bafu la Hamamni. Hakutaka hata kumwona. Salme akaenda kuishi Jaffa na Beirut miaka mingi, akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Mji huo baadaye ukawa ndani ya Ujerumani Mashariki, ile iliyotujengea maghorofa haya ya Kikwajuni baada ya Mapinduzi. Dunia ndogo, mwenzangu.

Narudi kwenye cheti. Siku hizi anayetaka kutibu kwa tiba asili au tiba mbadala anatakiwa asajiliwe. Bara ipo sheria ya 2002, na Zanzibar tuna sheria yetu na baraza letu. Anayetaka kufanya kazi ya viungo hospitali njia yake ni ndefu zaidi: miaka ya chuo, somo la mwili wa binadamu, mazoezi kwa wagonjwa, kisha usajili wa taaluma. Mie naunga mkono. Mgonjwa wa kiharusi au mwenye damu iliyoganda mguuni anaweza kuumizwa na mkono usiojua, hata ukiwa na nia njema. Ila nina wasiwasi na upande mmoja. Yule bibi wa mtaani aliyekanda wazazi miaka thelathini hana ada ya chuo, na fomu zenyewe pengine hazisomi. Tukimfungia mlango, ujuzi wake utachukuliwa na mwenye karatasi, atauuza hotelini, na bibi atabaki kama wale wa Mtoni. Si kila mtu anaweza kujifungia chumbani na mfupa wa ngamia. Kwa nini asipimwe kwa mikono yake, mbele ya wajuzi, kisha akapewa cheti chake?

Salme mwenyewe asingekuwa wakili mzuri wa hoja hii. Katika kitabu chake aliutetea utumwa wa kwao, akiona Wazungu wanaukuza ubaya wake. Ndiyo maana huko Hamburg, kiwanja kilichopewa jina lake mwaka 2019 kilikuja kunyang'anywa jina hilo baada ya watu kuyasoma upya aliyoyaandika. Wapo wanaosema ameonewa, alikuwa mtu wa zama zake. Mie siwezi kuisahau ile asubuhi ya Mtoni. Ameeleza saa, ameeleza utaratibu, ameeleza raha ya mwili unaozinduka polepole. Aliyekuwa akimkanda hakumwandika jina.