Maria Sibylla Merian: Mwanamke aliyefichua siri ya viwavi wa maua

Mkuza maua wa Eldoret akikuta jani la waridi limekunjwa na kufungwa kwa nyuzi za hariri, huenda akamshuku buibui. Lakini akilifunua na kuona limetafunwa, huku ndani mkiwa na vinyesi vidogo mfano wa punje, basi mwenye makao hayo yaelekea ni kiwavi wa nondo. Ni nondo yupi? Njia ya kulijibu swali hilo ilionyeshwa na mwanamke aliyefariki mwaka wa 1717.

Maria Sibylla Merian alizaliwa Aprili 2, 1647 mjini Frankfurt, Ujerumani. Babake alifariki Maria akiwa na umri wa miaka mitatu. Baba wa kambo, mchoraji wa maua, ndiye aliyemfunza kuchora. Akiwa na umri wa miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri, kisha akawageukia wale wa bustanini.

Enzi hizo wengi waliamini kuwa wadudu huzuka kutoka kwa matope na uozo. Maria aliwafuga viwavi, akawalisha mimea waliyopatikana juu yake, akanakili jinsi walivyojifunga kwa hariri hadi nondo walipotoka. Mwaka wa 1679 alichapisha kitabu chenye michoro 50 iliyomweka mdudu na chakula chake pamoja.

Mwaka wa 1699, akiwa na umri wa miaka 52, aliuza michoro yake na kusafiri na bintiye Dorothea hadi Suriname, koloni ya Waholanzi huko Amerika Kusini. Waafrika na wenyeji waliotumikishwa utumwani walimfyekea njia msituni, wakamletea viwavi na kumweleza matumizi ya mimea. Majina yao hayakuandikwa. Maradhi yalimrejesha Amsterdam mwaka wa 1701, na mwaka wa 1705 akatoa kitabu chake mashuhuri chenye michoro 60. Baadaye Carl Linnaeus wa Uswidi aliitegemea michoro hiyo alipowapa wadudu majina ya kisayansi.

Mbinu yake ingali na manufaa. Jani lililokunjwa humkinga kiwavi dhidi ya ndege na hata dawa. Kabla ya kunyunyiza, mkulima na amweke kiwavi katika chupa iliyofunikwa kwa kitambaa, amlishe mmea uo huo, kisha asubiri. Viwavi wengi hufanana. Nondo akitoka, utambuzi huwa rahisi zaidi. Na akitoka nyigu mdogo badala ya nondo, jambo ambalo Merian pia alilishuhudia, mkulima atajua kwamba dawa ingemuua rafiki yake.