Shaaban Robert, karani wa forodha

Sisi tuliosoma Tanzania tunamjua Shaaban Robert kwa mashairi yake. Wachache hukumbuka kuwa mshahara wake wa kwanza aliupata forodhani. Ninyi mnaopitisha magunia yenu Kobero, mkimwona karani na mhuri wake mezani, jueni kwamba mshairi huyo alishika kazi kama hiyo miaka 18.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akawa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliopata cheti. Mwaka huohuo serikali ya Waingereza ikamwajiri idara ya forodha, naye ana miaka 17 tu. Katika ofisi za wakati ule Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mishahara ilifuata ngazi hiyohiyo. Pangani ni moja ya vituo alivyotumikia.

Mwaka 1944 akahamishiwa idara ya mifugo, Mpwapwa. Hapo ndipo mimi humfuatilia kwa makini zaidi. Mtu wa pwani, umri miaka 35, anaacha kazi aliyoizoea na kwenda bara penye ukame, kuanza upya miongoni mwa wageni. Sisi tuliorudi Burundi hali hiyo tunaijua. Mimi nililelewa makazi ya Katumba kwa Kiswahili. Niliporudi mwaka 2009 nilikabidhiwa darasa la Kifaransa, na wenzangu katika chumba cha walimu wakicheka matamshi yangu. Ujasiri sikuupata kwa kujifungia nyumbani na kamusi. Niliupata palepale ubaoni, somo baada ya somo, wanafunzi wakinitazama.

Mwaka 1946 alirudi Tanga, ofisi ya wilaya. Mchana mafaili ya serikali, na saa zilizobaki kalamu yake mwenyewe. Mwaka 1951 kikatoka Kusadikika, hadithi ya Karama anayeshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Anapewa siku 6 kujitetea mbele ya mfalme, huku Majivuno akimwandama. Msomaji wa koloni hakuhitaji kuelezwa nchi hiyo ni ipi.

Wapo wanaosema alikuwa mpole mno kwa wakubwa, hata wakamvisha nishani ya MBE. Sikubaliani nao. Kitabu kile kilitoka akiwa bado anakula mshahara wa serikali hiyohiyo, na alikuwa na familia ya kulisha. Mwoga angesubiri astaafu kwanza.

Kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa ofisi ya upimaji ardhi, hukohuko Tanga, akiendelea kuandika. Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, ni wa miaka hiyo. Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53. Tanganyika ilikuwa na miezi 6 tu ya uhuru.