Maisha ya Marehemu Daudi Ocheng

Hapa Arua, na zaidi huko Koboko, kila mtoto alijua jina la Idi Amin, kwa kuwa watu wa baba yake ni Wakakwa wa huko. Lakini aliyethubutu kumtaja Amin Bungeni kwa habari ya fedha, naye Amin angali Kanali, ni wachache wamjuao. Mtu huyo ni Daudi Ocheng, nami nimeona vema niwaandikie wenzangu, na wazee wetu waliosoma hapa zamani, habari zake kidogo.

Ocheng alikuwa Mwacholi, mwana wa Lacito Okech, chifu aliyeandika kitabu cha historia ya Waacholi. Alisoma King's College, Budo, na huko akafanya urafiki na Kabaka Mutesa II. Urafiki huo ulimfikisha mbali: yeye Mwacholi akawa Katibu Mkuu wa Kabaka Yekka, chama cha Waganda, na Mbunge wa Mityana. Jambo kama hilo ni adimu kwetu hata leo.

Sasa tutazame mpakani. Mwaka 1964 waasi wa Kongo walioitwa Simba waliteka Stanleyville, wakafukuzwa mwezi wa Novemba, na wengi wakasogea upande wetu. Serikali ya Dk. Obote iliwasaidia kwa siri, na kazi hiyo akapewa Kanali Amin. Malori ya jeshi yakawa yakipita Arua. Februari 1965 ndege kutoka Kongo zikapiga mabomu Paidha na Goli, hata raia wa kawaida wakajua kuna jambo. Lakini nini kilichobebwa ndani ya malori yale, na njia ipi ilikuwa wazi, walijua wakubwa wachache tu.

Ndipo Ocheng akapata karatasi za Ottoman Bank. Zilionyesha kwamba katika siku 24, mwezi ule ule wa Februari 1965, ziliingia shilingi 340,000 katika hesabu ya Amin. Tarehe 4 Februari 1966 akazipeleka Bungeni, akadai kwamba dhahabu na pembe za Kongo ziliwatajirisha Amin na mawaziri watatu, Obote mwenyewe akiwa mmojawapo. Amin alieleza baadaye kwamba fedha zile zilikuwa za waasi, za kuwanunulia mahitaji yao.

Huenda msomaji akauliza kosa liko wapi ikiwa hakuna aliyeibiwa. Tazama sheria ya masoko ya mitaji tuliyo nayo tangu 1996: mkuu wa kampuni ajuaye siri ya faida haruhusiwi kununua hisa kabla watu wote hawajaisikia. Siri ile ni mali ya kampuni, naye amekabidhiwa tu. Mpaka wetu nao alikabidhiwa mtu. Kama alifanya biashara kwa yale aliyoyajua kwa cheo chake, basi muuza chumvi wa Koboko, aliyesimamishwa na kupekuliwa kila safari, alinyang'anywa haki yake bila kujua.

Lakini siwezi kumsifu Ocheng kupita kiasi. Karatasi za benki nazo zilikuwa siri ya mteja, na hazikutoka zenyewe. Tena yeye alikuwa mpinzani wa Obote, na rafiki wa Kabaka aliyekwisha gombana naye. Mimi naona tofauti ni hii: siri ile hakuiuza, aliisoma mbele ya Wabunge wote, ambapo kila mtu angeweza kumjibu.

Obote alikuwa safarini kaskazini. Bunge likakubali Amin asimamishwe kazi achunguzwe, akakataa Mbunge mmoja tu, John Kakonge. Amin akapewa likizo fupi. Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa Entebbe katika mkutano wa Baraza, kisha Katiba ikaondolewa. Tume ya majaji iliundwa, nayo haikuona ushahidi wa kuwatia hatiani mawaziri waliotajwa.

Tarehe 24 Mei 1966 Amin aliongoza askari kuvamia jumba la Kabaka, Mengo. Mutesa akakimbilia Uingereza. Ocheng wakati huo alikuwa mgonjwa sana, akafa mwanzoni mwa Juni. Ripoti ya tume ilitolewa mwaka 1971, wakati Amin amekwisha kuwa Rais, naye Ocheng yu kaburini mwaka wa tano.