Joginder Singh: Fundi wa barabarani aliyekuja kuitwa Simba

Kabla ya kuwa bingwa wa mbio za magari, Joginder Singh alikuwa fundi. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, na akiwa bado kijana tayari alikuwa akishika spana katika gereji ya babake. Mwaka 1958 chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kilimwajiri kuwa mshika doria wake wa kwanza, kazi ya kuwanusuru madereva waliokwama njiani. Injini ikizimika, fundi wa aina hiyo huanzia kwenye betri, akafuata waya mmoja mmoja hadi kwenye plagi, akitafuta mahali umeme unapopotelea.

Ujuzi huo ulikuwa na thamani kubwa katika Safari Rally ya Pasaka, ambapo maji ya masika yakiingia kwenye distributa, hata gari lenye kasi kuliko yote hunyamaza. Singh na nduguye Jaswant walishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Linalostaajabisha kuliko ushindi huo ni kwamba, katika Safari 22, alishindwa kufika mwisho mara tatu pekee.

Alifariki jijini London mwaka 2013.