Idi Amin: wiski Entebbe, vumbi Arua

Idi Amin, Mkakwa mwenye asili ya Koboko, jirani na mpaka wa Oraba, alijiunga na jeshi la KAR mwaka 1946 na kutwaa madaraka Januari 25, 1971. Katika miaka hiyo ya 1970 ndege zilipeleka kahawa Uingereza na kurudi Entebbe na shehena za wiski kwa ajili ya wanajeshi wake. Na kwao je? Miaka 20 baada ya kung'olewa Aprili 1979, ndege za Arua zilikuwa bado zikitua kwenye murram. Kisasi cha askari mwaka 1980 kiliwaangukia raia wa West Nile. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire, wengi kwa miguu. Yeye mwenyewe aliruka hadi Kinshasa Januari 1989 kwa pasipoti bandia, akatambuliwa na kurudishwa Saudi Arabia. Alifariki Jeddah Agosti 16, 2003.