Pavol Demitra: Mwana wa mji wa viwanda aliyezunguka dunia kwa gongo lake

Na MWANDISHI WETU

ABIRIA anayeondoka katikati mwa jiji la Nairobi kuelekea EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa ng'ambo lililoko Athi River katika Kaunti ya Machakos, hupita mbele ya hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa. Mwaka 2005 ulifunguliwa humo uwanja wa barafu, jambo lililowastaajabisha wengi katika nchi inayopitiwa na ikweta.

Ni kwenye barafu hiyo ambapo vijana Wakenya walijifunza hoki ya barafuni na kuunda timu ya Ice Lions. Mnamo 2018 walialikwa Canada, wakateleza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo.

Kijana anayeota kuufanya mchezo huo kazi yake ana mengi ya kujifunza kutokana na maisha ya Pavol Demitra, mwanahoki wa Slovakia aliyefariki mwaka 2011. Vilevile mfanyakazi wa Athi River, ambaye hajawahi kukanyaga barafu maishani mwake, atakuta katika maisha hayo mambo anayoyafahamu vyema: mji unaotegemea viwanda, kandarasi yenye mwisho, na safari ya kazini inayopangwa na mtu mwingine.

Demitra alizaliwa Novemba 29, 1974 katika mji wa Dubnica nad Váhom, kando ya Mto Váh, wakati huo ukiwa sehemu ya Czechoslovakia. Dubnica ulikuwa mji wa viwanda vya zana za kivita. Viwanda hivyo ndivyo vilivyowapa wakazi ajira na nyumba, na ndivyo vilivyoiweka timu ya hoki ya mji huo.

Enzi hizo mchezaji wa Czechoslovakia hakuwa na ruhusa ya kujiamulia aende kucheza wapi. Serikali ya kikomunisti ndiyo iliyotoa kibali, na aghalabu ilikitoa mchezaji alipokwisha kuzeeka. Aliyekataa kungoja alilazimika kutoroka, kama walivyofanya ndugu Peter na Anton Šťastný, waliokimbilia Canada mwaka 1980 huku wakijua kwamba huenda wasiruhusiwe kurudi kwao.

Ukuta huo uliporomoka Novemba 1989, Demitra alipokuwa akitimiza miaka 15. Siasa zilizofungua mipaka ndizo pia zilizoyumbisha viwanda vya silaha vilivyolisha miji kama wake, kwa kuwa wanunuzi wa zamani walitoweka. Basi kizazi chake kilipata uhuru wa kuondoka wakati uleule ambapo kazi za kuwabakiza nyumbani zilikuwa zikipungua.

Kutoka Dubnica alihamia klabu kubwa ya jirani, Dukla Trenčín, mojawapo ya vituo vilivyokuza vipaji vingi vya hoki barani Ulaya. Mji huo mmoja uliwatoa pia Marián Hossa, Marián Gáborík na Zdeno Chára, wote waliokuja kuwa majina makubwa katika Ligi ya Taifa ya Hoki ya Amerika Kaskazini, NHL.

Januari 1, 1993 Slovakia ikawa taifa huru. Miezi michache baadaye klabu ya Ottawa Senators ya Canada ilimteua Demitra katika mgao wa wachezaji chipukizi. Alikuwa wa 227 kuteuliwa mwaka huo. Mchezaji anayeteuliwa chini kiasi hicho huwa hatarajiwi mengi, na wengi wa aina hiyo hawachezi hata mechi moja ya ligi kuu.

Miaka yake mitatu ya kwanza ilikuwa ya kupandishwa na kushushwa kati ya timu kubwa na timu ndogo iliyowalea wachezaji wa akiba. Mwaka 1996 alitofautiana na Ottawa kuhusu kandarasi mpya, akakataa kutia saini. Badala yake alikwenda kuchezea klabu za ligi ya chini, ikiwemo Las Vegas Thunder, jijini katikati ya jangwa.

Uamuzi huo ungeweza kumzika kabisa. Lakini Novemba 1996 Ottawa ilimbadilishana na beki Msweden wa St. Louis Blues. Mchezaji aliyetolewa kama kitu cha ziada akawa hazina ya klabu yake mpya. Katika misimu minane mjini St. Louis alicheza mechi 494 na kujipatia pointi 493, ambapo kila bao na kila pasi ya bao huhesabiwa pointi moja.

Demitra hakuwa jitu la kuwaparamia wapinzani ukutani. Silaha yake ilikuwa macho na mikono: alijua mwenzake atakuwa wapi kabla mwenzake hajafika, na alikipeleka kile kisahani cha mpira mahali hapo. Mwaka 2000 alitunukiwa tuzo ya Lady Byng, ambayo hupewa mchezaji anayeunganisha umahiri na uungwana. Katika mechi 71 za msimu huo aliadhibiwa kwa jumla ya dakika nane pekee nje ya uwanja, katika mchezo unaosifika kwa ngumi.

Msimu wa 2002/03 alifikisha pointi 93, idadi aliyoifikia mara hiyo moja tu maishani. Hata hivyo, Kombe la Stanley, taji la mabingwa wa NHL, hakuwahi kulitwaa.

Msimu wa 2004/05 ulionyesha jinsi hata tajiri wa mchezo alivyo mwajiriwa. Wamiliki wa klabu za NHL waliwafungia wachezaji milango wakivutana nao kuhusu ukomo wa mishahara, na msimu mzima ukafutwa. Mamia ya nyota walitawanyika katika ligi za Ulaya na Urusi. Demitra alirudi Trenčín, akavaa jezi aliyoiacha akiwa kijana. Wakazi wa mji huo walipata bahati ya kuwatazama kwa karibu wachezaji ambao kwa miaka mingi waliwaona kwenye runinga tu.

Mgogoro ulipoisha alijiunga na Los Angeles Kings. Mwaka 2006 akapelekwa Minnesota Wild, alikokutana tena na Gáborík, na mwaka 2008 akasajiliwa na Vancouver Canucks. Kufikia mwisho wa safari yake ya NHL alikuwa amecheza mechi 847, akafunga mabao 304 na kutoa pasi za mabao 464. Jumla ni pointi 768.

Saa yake kuu ilimkuta Februari 2010, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyoandaliwa Vancouver, kwenye uwanja uleule wa klabu yake. Alikuwa ametoka kupona jeraha la bega lililomweka nje kwa miezi. Slovakia, nchi yenye watu wapatao milioni tano na nusu, iliishinda Urusi 2-1 kwa mikwaju ya kuamua mshindi, na mkwaju wa ushindi ulikuwa wake. Katika robo fainali iliiondoa Sweden, bingwa mtetezi, kwa mabao 4-3.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya wenyeji Canada. Slovakia ilikuwa nyuma 3-0, ikarudisha mabao mawili, na sekunde za mwisho kisahani kikamfikia Demitra pembeni mwa lango. Alipiga. Kipa Roberto Luongo, mwenzake wa Vancouver aliyefanya naye mazoezi kila siku, alinyosha mkono na kukigusa kisahani kwa ncha ya glavu. Canada ikapita na hatimaye kutwaa dhahabu. Slovakia ilishindwa 5-3 na Finland katika mechi ya kuwania shaba. Demitra aliongoza wachezaji wote wa mashindano hayo kwa pointi kumi.

Kandarasi yake na Vancouver iliisha mwaka huo, naye alikuwa amefika umri wa miaka 35. Katika umri huo klabu za Amerika huanza kuhesabu senti. Urusi nayo ilikuwa imeanzisha mwaka 2008 ligi ya KHL, iliyojumuisha pia klabu za nchi jirani kama Belarus, Latvia na Kazakhstan. Klabu zake ziliungwa mkono na mashirika makubwa ya mafuta, gesi na reli. Zililipa vizuri, na kodi ya mapato nchini Urusi wakati huo ilikuwa asilimia 13. Zaidi ya hayo, kutoka Urusi hadi Slovakia si mbali kama kutoka Canada.

Kwa sababu hizo Wacheki, Waslovakia, Wasweden na Walatvia wengi waligeuza njia na kuelekea mashariki. Demitra alitia saini na Lokomotiv ya mji wa Yaroslavl, klabu ya shirika la reli iliyokuwa bingwa wa Urusi mara tatu. Alikuwa miongoni mwa nguzo zake msimu wa 2010/11, kisha akakubali kubaki kwa msimu mwingine.

Mei 2011 Slovakia iliandaa mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza ikiwa taifa huru. Matokeo yalikuwa mabaya, wenyeji wakashindwa kufika robo fainali. Demitra alitangaza kuwa amestaafu kuichezea timu ya taifa, akaondoka kwenye barafu akibubujikwa na machozi huku mashabiki wakimshangilia.

Septemba 7, 2011 kikosi cha Lokomotiv kilipanda ndege aina ya Yak-42 katika uwanja wa Tunoshna kuelekea Minsk, mji mkuu wa Belarus, kwa mechi ya kwanza ya msimu. Ndani ya ndege walikuwemo Wacheki Josef Vašíček, Jan Marek na Karel Rachůnek, kipa Msweden Stefan Liv, Mlatvia Kārlis Skrastiņš, Mjerumani Robert Dietrich na Ruslan Salei wa Belarus, aliyekuwa akielekea mji alikozaliwa. Kocha alikuwa Brad McCrimmon wa Canada. Ilikuwa timu ya mataifa mengi, iliyounganishwa na kandarasi.

Ndege hiyo ilimaliza njia bila kupaa ipasavyo, ikagonga mlingoti na kuanguka ukingoni mwa mto. Kati ya watu 45 waliokuwemo, 43 walifariki papo hapo. Mshambulizi Alexander Galimov aliaga dunia hospitalini siku tano baadaye. Aliyenusurika ni mhandisi mmoja wa ndege. Demitra alikuwa na umri wa miaka 36.

Kwa Mwafrika, habari hizo zilifufua kumbukumbu ya Aprili 27, 1993, ndege ya kijeshi iliyobeba timu ya soka ya Zambia ilipotumbukia baharini karibu na Gabon na kuwaua wote 30 waliokuwemo. Nasi Wakenya tunayo majonzi yetu ya Abidjan mwaka 2000 na Douala mwaka 2007.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Uchunguzi wa mkasa wa Yaroslavl ulionyesha kwamba hii ilikuwa nayo. Wachunguzi walibaini kuwa ndege ilikuwa ikikimbia huku mguu wa rubani mmoja ukikandamiza breki. Mafunzo ya marubani yalikuwa na kasoro, na hati zilizowaruhusu kuirusha aina hiyo ya ndege zilikuwa za udanganyifu. Katika damu ya mmoja wao ilipatikana dawa ambayo rubani hastahili kuitumia. Kampuni iliyoimiliki ndege ilinyang'anywa leseni. Mwaka 2015 naibu mkurugenzi wake alihukumiwa kifungo cha miaka mitano, akaachiliwa kwa msamaha.

Maelfu ya watu walimuaga Demitra mjini Trenčín. Uwanja wa barafu wa mji huo sasa una jina lake, na jezi nambari 38 ya timu ya taifa haivaliwi tena na mchezaji yeyote.

Njia aliyoifuata kuelekea mashariki nayo imebadilika. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, klabu ya Jokerit ya Finland na Dinamo Riga ya Latvia zilijiondoa KHL. Urusi ikafungiwa nje ya mashindano ya dunia, na mashirikisho kama ya Sweden, Finland na Latvia yakawafungia milango ya timu za taifa wachezaji waliochagua kubaki katika ligi hiyo. Lokomotiv, iliyojengwa upya kutoka majivuni, ilitwaa Kombe la Gagarin la ligi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2025.

Katika EPZ ya Athi River, mfanyakazi hujua kuwa mwekezaji anaweza kufunga virago mkataba wa biashara unapobadilika; wengi walilionja hilo mwaka 2005, mgao wa kimataifa wa soko la nguo ulipokoma na baadhi ya viwanda vikafungwa. Demitra, kwa mamilioni yake yote, aliishi katika hali hiyohiyo. Alibadilishwa kama bidhaa, akafungiwa mlango na waajiri, akafuata kazi ilikokuwa.

Tofauti ni kwamba mchezaji huwa na wakala wa kumpigania mshahara. Kuhusu usafiri wake, Demitra hakuwa na sauti kubwa kuliko mshonaji anayepanda matatu alfajiri kwenda zamu. Alipanda ndege aliyokodishiwa, akiamini kwamba mtu fulani alikuwa amezikagua karatasi za rubani.

Kijana wa Ice Lions atakayeitwa siku moja kwenda kucheza ughaibuni aende, maana mtembea bure si sawa na mkaa bure. Lakini pamoja na mshahara, na aulize pia atasafirishwa na nani. Mwajiri naye, awe wa klabu ya Ulaya au wa kiwanda cha Athi River, ajue kwamba wajibu wake kwa mfanyakazi hauishii langoni.